Kwa nini mwanafunzi wa uhandisi umeme anapigishwa tupa mwaka wa kwanza?

Binti wa dada yangu amerudi Mwanza likizo baada ya mwaka wake wa kwanza wa uhandisi umeme, na viganja vina malengelenge. Siku nyingi za mwisho wa muhula alishinda karakana, kipande cha chuma kimebanwa kwenye jiliwa, yeye anapiga tupa mpaka kona zote ziwe mraba. Kila akidhani amemaliza, fundi anaweka skwea, kipimio cha kona, juu ya chuma na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya skwea, hata kama uzi, rudi ukapige tena.

"Mjomba, mimi nilikwenda kusomea umeme. Tupa ya nini?"

Wengi huuliza hivyo. Uwe wa ujenzi, mitambo, umeme au kemikali, mwaka wa kwanza mnakaa karibu darasa moja: hisabati, mekanika, michoro ya kihandisi, karakana, kuandika programu za kompyuta. Wa ujenzi anafundishwa saketi, wa umeme anachora nati na boliti. Wapo wanaoona wamepotezewa muda. Mimi naona huo ndio mwaka wenye mali nyingi kuliko yote, na mfano wangu ninaoupenda ni Hiace, daladala ya kwenda Buhongwa.

Kama shokapu zimekufa, gari likivuka tuta linanesa juu, chini, juu, chini, mpaka abiria wa nyuma ashike kiti. Shokapu zikiwa nzima, linanesa mara moja na kutulia. Hapo kuna vitu vitatu: uzito wa gari, ambao haukubali kubadili mwendo ghafla, springi, inayobonyea na kurudisha, na shokapu, inayokula ule mneso na kuugeuza joto.

Sasa fungua redio. Koili haikubali mkondo wa umeme ubadilike ghafla, kama uzito. Kapasita inajaa chaji kisha inairudisha, kama springi. Rezista inakula nishati na kuigeuza joto, kama shokapu. Ukiandika mlinganyo wa gari linalonesa, halafu ukaandika wa vitu hivyo vitatu vilivyofungwa katika saketi moja, unakuta ni mlinganyo mmoja, herufi tu zimebadilika. Aliyeuelewa kwenye gari ameshauelewa kwenye redio. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati hawagawi kwa fani: hesabu haijui kama wewe ni wa mitambo au wa umeme.

Hapa Mwanza mfano mwingine uko juu ya vichwa vyetu, kwenye nyumba zilizojengwa mawe kwa mawe hadi kileleni. Kuyapandisha maji mita 10 kunahitaji presha ya takriban angahewa moja, na kila mita 10 nyingine inadai tena kiasi hicho. Pampu inafanya kazi ya betri, presha ndiyo volti, bomba jembamba ndilo rezista. Ulinganifu huu una mpaka wake, kwa sababu maji yakienda kasi ndani ya bomba hayafuati kwa unyoofu kanuni ya Ohm, ile isemayo volti ikizidi mara mbili mkondo nao unazidi mara mbili. Lakini aliyewahi kuona bomba la mlimani likitoa maji kwa kudondoka hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini taa ya mwisho wa waya mrefu inafifia.

Na tupa? Fungua mota ya pampu. Kati ya rota inayozunguka na stata iliyotulia kuna pengo, na katika mota ndogo pengo hilo huwa chini ya milimita moja. Shafti ikikaa upande kidogo tu, vinasuguana na mota inaungua. Aliyetoka malengelenge akitafuta nusu ya milimita hataandika kipimo kwenye mchoro kwa kubahatisha.

Kuna vyuo vilivyofanya mwaka huu wa pamoja kuwa mlango wa kuchagua fani. Purdue, kule Marekani, humpokea mwanafunzi katika uhandisi kwa jumla, na fani huja baadaye. Cambridge ya Uingereza hukusomesha uhandisi wa jumla miaka miwili kabla ya kubobea. Kwetu, kwa kawaida, mtoto anaomba fani moja kwa moja, akiwa hajawahi kugusa hata multimita, kile kipimio cha umeme. Utaratibu wa kuhama kozi upo, lakini una muda na masharti, na mara nyingi muda huo unapita kabla hujaonja kitu. Kwa hiyo ulizia ofisi ya udahili wiki ileile unayoripoti. Usingoje matokeo.

Baada ya hapo onja kwa makusudi. Usitazame alama peke yake, maana alama nzuri inaweza kuwa ya mwalimu mzuri. Jitazame ni zoezi gani unalifanya ukasahau kwenda kula. Kaa na wa mwaka wa tatu wa fani nyingine, uone wanahangaika na nini. Na ukitafuta nafasi ya PT, yaani mafunzo kwa vitendo, tafuta mahali ambapo fani zinakutana: bandarini, mitambo ya maji, kiwanda cha samaki chenye majokofu.

Jumamosi nilimpeleka Kigongo. Daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria, lina kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na kabla yake magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko. Tulitembea kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwanzoni alikuwa anahesabu taa, kama mtu wa umeme. Kisha akafika kwenye pengo lililoachwa ili daraja litanuke jua linapowaka, akauliza nani anajua liachwe kiasi gani.

"Wewe," nikamwambia. "Ni urefu, joto na tabia ya zege. Hesabu hiyo umeshaisoma."

Akapiga magoti, akafumba jicho moja, akaukagua ukingo wa chuma dhidi ya mwanga wa ziwa.