Tumbo linauma: yanayosemwa Kigoma na yanayojulikana wodini

Hapa Kigoma mgonjwa wa tumbo akifika hospitali, mara nyingi ameshapewa jina la ugonjwa wake njiani. Jirani kasema ni vidonda, muuza duka la dawa kasema ni taifodi, mama mkwe kasema ni chango. Wapo wanaofika wakiwa wameshameza dawa za yote matatu. Muuguzi anayeijua kazi yake huanza upya: tumbo lilianza kuuma lini, sehemu gani, maumivu yanahama au yametulia palepale, nini kinayazidisha, choo kikoje, mkojo ukoje, na kwa mwanamke, hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Dhana ninazozieleza hapa nyingi ni za mtaani, ila baadhi tunazibeba sisi wenyewe tuliovaa sare.

"Chembe ya moyo ikiuma ni vidonda vya tumbo"

Chembe ya moyo huuma kwa vidonda, ni kweli. Huuma pia kwa kiungulia, kwa mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwa kongosho lililovimba, kwa nimonia iliyokaa chini ya pafu, na kwa moyo wenyewe. Mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu anayesema chembe inambana huku jasho linamtoka, usimpe dawa ya asidi ukamwambia apumzike kwenye benchi. Apimwe umeme wa moyo kwanza.

Kuhusu chanzo cha vidonda, wengi hutaja pilipili, maharage, mawazo na kuchelewa kula. Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, Waaustralia, walifanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeishi tumboni, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Wenzao walipokataa kusadiki, mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao na tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Pilipili inaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini haichimbi kidonda. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo humwaga asidi zaidi.

Tiba ya bakteria huyo ni antibayotiki za aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayeacha dozi siku ya tano kwa sababu amepata nafuu atarudi, na safari hiyo bakteria huenda wamezizoea dawa.

Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga anavuta nyavu usiku kucha, mgongo unamuuma, anameza vidonge viwili juu ya tumbo tupu akiwa mtumbwini, na hufanya hivyo karibu kila siku. Ukimuuliza, "Baba, kuna dawa unazotumia?" atajibu hakuna, na hadanganyi, kwa sababu kwake dawa ni ile aliyoandikiwa hospitali. Muulize hivi: "Mgongo ukikuuma unameza nini?" Hapo ndipo utapata jibu lenyewe. Nawaomba wanafunzi wa uuguzi walishike swali hilo, maana fomu zetu za mapokezi hazilitoi.

Kisha uliza rangi ya choo, na ikiwezekana ukione kwa macho yako. Choo cheusi tii, kinachonata na kutoa harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyosagwa njiani. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini chuma naye hupata choo cheusi, lakini hakinati na hakina harufu ile. Mapigo ya moyo yakienda mbio, au presha ikishuka mgonjwa anapokaa kutoka kulala, usisubiri raundi ya asubuhi.

"Kipimo kimeonyesha taifodi"

Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwenye maabara ndogo, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani au kuchochewa na bakteria wengine. Karatasi moja yenye alama za kujumlisha haitoshi kusema mtu ana taifodi. Kuotesha damu maabara ni bora zaidi, na katika mkoa wenye malaria nyingi kama huu, homa yoyote inaanza na kipimo cha malaria.

Taifodi ya kweli haitaki mzaha. Ikikaa bila tiba, mara nyingi kuelekea wiki ya tatu, utumbo mwembamba unaweza kutoboka. Mgonjwa aliyekuwa amelala kimya na homa yake anashikwa na maumivu makali ya ghafla, tumbo linakakamaa, hataki kuguswa. Huyo ni wa chumba cha upasuaji.

"Ni chango tu, dada"

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mwenye maumivu chini ya kitovu, hedhi imechelewa, na kizunguzungu akisimama, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi na anavuja damu kwa ndani. Kipimo cha mkojo cha mimba ni cha dakika chache. Kisirukwe.

"Mchanga wa dagaa huleta kidole tumbo"

Dagaa wetu wakianikwa chini, mchanga huwamo, kila mla dagaa anajua. Lakini mchanga hupita na choo. Kidole tumbo huvimba tundu lake likiziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kilichokauka au kwa tezi za ndani ya utumbo kuvimba, na huwapata zaidi vijana. Maumivu huanza kuzunguka kitovu, baada ya saa kadhaa yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu ya kula.

Kinachonitia hofu kuliko mchanga ni dawa ya kuharisha. Nyumbani husemwa tumbo "lisafishwe", kijana akanyweshwa kitu kikali, au akapigwa bomba la maji ya dawa. Utumbo ukilazimishwa kusukuma, kidole kilichovimba kinaweza kupasuka. Na maumivu yakipoa ghafla bila tiba, familia isifurahi haraka, kwani huenda kimeshapasuka.

"Ukimpa dawa ya maumivu, daktari hataona ugonjwa"

Hii ni ya kwetu sisi wahudumu. Tulifundishwa hivyo, na wagonjwa wamelia usiku mzima kwa sababu hiyo. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa wenye maumivu makali ya tumbo waliopewa dawa kali mapema na wale wasiopewa hazikuona kwamba utambuzi wa ugonjwa uliharibika. Mtu aliyetulizwa kidogo hulegeza misuli, na tumbo linapimika vizuri zaidi. Daktari aombwe aandike dawa mapema, nawe uandike saa uliyoitoa na kiwango cha maumivu kabla na baada.

Upimaji wenyewe una mpangilio wake. Mgonjwa akojoe kwanza, alale chali, magoti yakunjwe kidogo. Unaangalia, unasikiliza, unagonga, ndipo unapapasa. Sehemu nyingine za mwili tunasikiliza mwishoni, lakini tumbo ukilibonyeza kwanza unaweza kubadilisha sauti za utumbo, ukaandika kisichokuwapo. Mwambie akuonyeshe kwa kidole panapouma, kisha wewe anzia mbali na hapo, mikono ikiwa na joto, macho yako yakiwa usoni pake. Na usiandike "hakuna sauti" kabla hujasikiliza hadi dakika tano.

"Akitiwa mpira puani ndiyo basi tena"

Ndugu wengi wakiona mpira umepita puani huanza kupiga simu kijijini. Mpira huo hutumika kumlisha asiyeweza kumeza, au kutoa maji na hewa kwenye tumbo lililoziba, na wengi huondolewa baada ya siku chache wakarudi kula ugali wao. Waelezwe hivyo kabla hujautia.

Upande wetu nako kuna dhana: kwamba ukisukuma hewa kwa sirinji na kusikia mlio juu ya tumbo, mpira uko mahali pake. Mlio huo unaweza kusikika hata mpira ukiwa pafuni. Vuta maji ya tumbo uyapime kwa karatasi ya asidi, isomeke pH 5.5 au chini, au upigwe eksirei. Kabla ya hapo, uji usipite.

"Anayehara anahitaji dripu, na asile"

Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini. Kipindupindu kikalipuka. Hadi kuelekea mwisho wa mwezi huo wagonjwa walikuwa wapata 3,000, na waliokufa 31, wakiwemo wenyeji wawili. Ukiwa na wagonjwa wengi hivyo, huna dripu za kumtundikia kila mtu, wala si kila mtu anayeihitaji.

Sukari iliyomo kwenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, huibeba chumvi kupita ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Njia hiyo huendelea kufanya kazi hata kipindupindu kikiwa kimeshika. Kwa mgonjwa anayeweza kunywa, kikombe kinamfaa kama dripu, bila sindano na bila gharama. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili ya maji salama, na mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe. Akitapika, subirini dakika kumi, muanze tena kijiko kwa kijiko. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, aendelee kunyonya, aendelee kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" kunamwongezea udhaifu tu. Dawa za kufunga choo asipewe kabisa.

Dripu ina watu wake: aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye mapigo ya mkononi hayashikiki. Huyo hacheleweshwi. Mtu mzima apewe Ringer lactate, maji ya dripu yenye chumvi, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Mwenye kilo 60 anapokea lita sita kwa saa tatu. Maji ya glukosi peke yake hayafai, kwa sababu hayana chumvi anayoipoteza. Na akianza kuweza kunywa, aanze ORS dripu ikiwa bado inaendelea.

Upungufu wa maji hupimwa kwa kuangalia macho yaliyozama, kiu, hali ya fahamu, na kwa kufinya ngozi ya tumbo kuona inarudi kwa kasi gani. Ngozi hiyo hudanganya kwa bibi aliyekonda na kwa mtoto mwenye utapiamlo, kwa hiyo isisimame peke yake. Jambo jingine ni ndoo ya choo na matapishi. Wodini kwetu ndugu ndiye anayelala chini ya kitanda, na kwa wema wake hukimbia kumwaga ndoo kabla muuguzi hajafika. Kilichomwagwa hakijapimwa, na maji ya kurudishia yanakuwa ya kukisia. Mwambie kwa upole mapema, "Mama, usimwage mpaka nije nione," kisha uandike kiasi, rangi na saa.

"Tumbo limejaa maji, amelogwa"

Ugonjwa huu una njia yake, na mara nyingi inapita ziwani. Kichocho cha tumbo huletwa na viluwiluwi wanaotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua. Minyoo ikishakomaa, mayai yake husukumwa hadi kwenye ini na kuacha makovu. Baada ya miaka damu inakosa njia, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula ikipasuka mtu anatapika damu. Homa ya ini aina ya B na kifua kikuu cha tumbo navyo huweza kujaza tumbo maji, ndiyo maana kipimo kinatangulia hukumu. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo, lakini makovu ya siku nyingi haiyafuti, na hilo mgonjwa aambiwe ukweli.

Chale zinazochanjwa juu ya tumbo lililotanuka zinafungulia vijidudu mlango. Simlaumu aliyekwenda kwa mganga, maana tumbo linalokua bila mimba linatisha, na mganga yuko karibu kuliko zahanati. Akishafika kwetu, apimwe uzito kila asubuhi na mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu, palepale ulipoweka alama ya kalamu. Chumvi ipunguzwe, na hapa lazima umwulize kuhusu samaki wa kukausha waliotiwa chumvi, maana mgonjwa anaweza kuacha chumvi ya mezani huku kila jioni akila samaki hao.

"Baada ya upasuaji asile mpaka apitishe hewa"

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji bila matatizo, chakula ndani ya saa chache hakimdhuru, na utumbo huamka mapema. Aliyeshonwa utumbo afuate maelekezo ya daktari aliyempasua. Ndugu wakija na uji kutoka Ujiji, muuguzi aangalie karatasi ya maelekezo kabla ya kuwarudisha nao mlangoni, na mgonjwa akitapika baada ya kunywa, kiasi na rangi viandikwe na daktari aambiwe.