Kwa nini mtu wa Ulaya alipe ili mikoko ya Gazi isikatwe?

Kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, kiko kusini ya Mombasa. Pale ufukweni kuna hekta 117 za mikoko ambazo watu wa ng'ambo huzilipia kila mwaka, na wengi wao hawajawahi kuziona. Wanalipia nini hasa?

Kwa sehemu kubwa, wanalipia tope. Mkoko huvuta hewa ukaa kama mti mwingine wowote, lakini majani na mizizi yake ikifa huzama kwenye tope la maji chumvi lisilo na oksijeni. Haiozi upesi. Ukaa hulimbikizana humo kwa mamia ya miaka, hadi hekta moja ya mikoko ikawa na akiba kubwa kuliko hekta ya misitu mingi ya bara. Mikoko ikifyekwa, tope hupata hewa na ukaa ule hurudi angani.

Na Gazi ilishafyekwa. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za matanuri ya matofali na chokaa, pakabaki vipara vya mchanga. Miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda upya pamoja na wenyeji.

Mwaka 2013 kazi hiyo ikazaa mradi wa Mikoko Pamoja. Msitu ni wa serikali, kwa hiyo wanakijiji waliandikiana mkataba na idara ya misitu. KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier husaidia kupima miti. Shirika la Plan Vivo huthibitisha vipimo, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na shirika dogo la hisani la Scotland, ACES, huziuza kwa wanaotaka kufidia moshi wao, yaani kulipia hewa ukaa izuiwe Gazi badala ya ile wanayoitoa wao.

Fedha zikifika, wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni ndio huamua zifanye nini. Wamevuta maji ya bomba, wamenunua vitabu vya shule. Kwangu mimi hiyo ndiyo nguzo ya mradi: anayelinda ndiye anayepanga. Tena hawakusahau kwamba watu bado wanahitaji boriti na kuni, wakapanda mivinje ili shoka lipate pengine pa kwenda. Samaki na kaa nao wana mazalia yao kwenye mizizi ile, faida ambayo haimo kwenye hesabu ya tani.

Kinachonikera ni kwamba bei ya tani hupangwa mbali na Gazi, na mnunuzi anaweza kulipa kisha akaendelea kutoa moshi uleule. Malipo haya yana maana pale tu naye anapopunguza wake.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miaka miwili baadaye Vanga, mpakani na Tanzania, wakaanzisha mradi kama huo kwenye hekta 460, pamoja na vijiji vya Jimbo na Kiwegu.