Umelipia nembo, lakini je, ni yako?

Ugomvi mwingi kati ya mteja na msanifu wa michoro hauanzi siku mchoro unapokabidhiwa. Unakuja baadaye, biashara ikishakua. Mwenye duka la vipodozi anafungua tawi la pili, fundi wa mabango anamwomba faili la nembo, naye hana kitu zaidi ya picha aliyotumiwa kwa WhatsApp. Anampigia aliyemchorea. "Faili la kuharirika lina malipo yake, dada." "Si nilishakulipa?" "Ulilipia nembo, hukulipia faili." Hapo kila mmoja anamwona mwenzake tapeli, kumbe hakuna aliyedanganya. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

Katika kufundisha na kushauri wafanyabiashara wadogo tumeona swali la bei likiulizwa mapema, na swali la umiliki likiulizwa wakati watu wameshanuniana. Makala haya yanahusu hilo la pili, kwa sababu nembo ya bei poa isiyo yako inaweza kukugharimu kuliko ile uliyoikimbia kwa kuiona ghali.

Tuanze na faili, maana ndilo linaloumiza wengi. Picha ya JPG au PNG imeundwa kwa vidoti. Ukiikuza hadi ukubwa wa bango, vidoti vinaonekana na kingo zinachanika. Faili la vekta, kama AI, CDR, SVG au EPS, linahifadhi mistari kwa hesabu, hivyo nembo ileile inakaa vizuri kwenye kalamu na ubavuni mwa basi. WhatsApp nayo hupunguza ubora wa picha ikitumwa kama picha, ndiyo maana ni bora itumwe kama dokumenti. Kuna na suala la rangi: kioo cha simu huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne. Kijani kinachowaka kwenye simu kinaweza kutoka kimefifia kwenye fulana au kadi, bila kosa la mchapaji. Mwombe dizaina namba za rangi, za kioo na za uchapaji, zikiwa zimeandikwa. Ukibadilisha mchapaji, namba hizo ndizo zitakazokuokoa.

Hata hivyo, kuwa na faili si kuwa na haki. Hakimiliki huzaliwa pale mchoro unapoumbwa, bila kusajiliwa popote. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda mchoro kwa maisha ya aliyeuchora na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakuleti haki hiyo. Kunakupa ushahidi wa kushika mkononi siku ya mabishano, na ushahidi si kitu kidogo.

Haki hiyo huanzia kwa mchoraji. Je, inahamia lini kwa mteja? Kenya imelijibu swali hilo waziwazi: kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Dizaina wa Nairobi anayetaka kubaki na haki zake inabidi aliseme hilo kwenye mkataba. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mwanza ushauri wangu ni mfupi: usingoje wakili aje kukutafsiria sheria baada ya ugomvi. Andikeni kabla ya penseli kugusa karatasi.

Kisha ipo alama ya biashara, na hapa watu hujichanganya kweli. Mtu amesajili jina la kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, akapewa cheti, akadhani na nembo imeingia humo. Haijaingia. Alama husajiliwa peke yake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kwa kundi la bidhaa au huduma unazouza. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nao unaishia Tanzania Bara. Ukivuka maji kwenda Unguja au Pemba, unaanza upya kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar. Mfanyabiashara wa viungo anayeuza Kariakoo na Darajani ana safari mbili za kufanya.

Mkataba wa haya yote hauhitaji kurasa ishirini. Ukurasa mmoja unatosha kueleza kinachochorwa, marekebisho ni mara ngapi kabla ya malipo kuongezeka, advansi kiasi gani, mafaili gani yatakabidhiwa, na kwamba hakimiliki itahamia kwa mteja pindi salio litakapolipwa. Ongezeni mstari mmoja kuhusu kama dizaina anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo kwenye kurasa zake, kisha wote wawili mtie sahihi. Mteja akikataa kusaini, dizaina apime mwenyewe. Dizaina akikataa, mteja naye apime.

Kumbukumbu ya aliyechora ina uzito wake hata kama hakuna senti inayogombewa. Mwaka 2017 Watanzania walimwona kwenye vyombo vya habari Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni na kusema kuwa alishiriki kuichora nembo ya taifa. Alifariki mwaka huohuo. Madai kuhusu nani hasa aliyeichora hayakukosa ubishi, na mimi sina la kuamua hapo. Ninachosema ni kwamba mchoro unaoonekana kwenye kila hati ya serikali ulibishaniwa kwa kutegemea kumbukumbu za wazee. Jina, tarehe na sahihi kwenye karatasi moja vingemaliza maneno. (Na kwa kuwa tumeitaja nembo ya taifa: si pambo la kubandika kwenye bango la kampuni binafsi ili lionekane la kiserikali. Kuna sheria yake, na dizaina anayekubali kuibandika anajiingiza mwenyewe.)

Tugeukie upande wa kunakili. Julai 2015 Japani ilizindua nembo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 iliyobuniwa na Kenjiro Sano. Siku chache tu zikapita, msanifu wa Ubelgiji, Olivier Debie, akadai kuwa inafanana na nembo aliyoichorea Théâtre de Liège. Sano alikana kuiga. Lakini watu walishaanza kuchimba kazi zake nyingine, na ofisi yake ikakiri kuwa baadhi ya michoro ya mikoba ya promosheni ya kampuni ya bia ilitumia kazi za watu wengine. Septemba mosi waandaaji wakaiondoa nembo. Shindano jipya lilivuta maombi zaidi ya 14,000, na Aprili 2016 ikachaguliwa kazi ya Asao Tokolo. Kufanana kwa nembo ile na ya Liège kungeweza kujadiliwa, maana herufi na maumbo ya msingi hayana mwenyewe. Kilichomwangusha ni kwamba alipohitaji kuaminiwa, mikoba ilikuwa imeshamtolea ushahidi.

Kwetu kunakili huja kwa sura ya kawaida zaidi. Mteja analeta picha ya nembo ya watu: "Nifanyie kama hii, badilisha rangi tu." Au dizaina anachukua umbo kutoka maktaba ya Canva, anaandika jina chini yake, anauza. Canva ni chombo kizuri kwa kipeperushi cha semina au kadi ya mwaliko, na sioni sababu ya kuwacheka wanaokitumia. Tatizo ni kwamba umbo la maktaba limeruhusiwa kwa kila mtu, na masharti yao hayakuruhusu ulisajili kama alama yako ya biashara. Ndiyo maana unaweza kukuta zahanati, saloni na chama cha akiba na mikopo vyote vina jani lilelile. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumzuia mwenzake. Fonti nazo zina leseni. Zilizo Google Fonts zinaruhusiwa kwa biashara, lakini nyingi zinazopakuliwa bure mitandaoni zimeandikwa ni za matumizi binafsi tu, na maandishi hayo hukaa kwenye faili dogo ambalo watu hawalifungui.

Lipo jambo moja la maadili ambalo haligusi mteja wala dizaina bali mnunuzi wa mwisho. Lebo. Mjasiriamali wa siagi ya karanga anaomba alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iwekwe kwenye chupa, "leseni iko njiani." Jibu ni hapana mpaka leseni ifike, kwa sababu mama anayenunua chupa ile kwa ajili ya mtoto anaiamini alama hiyo. Vivyo hivyo kwa anayetaka tarehe ya kuisha muda iandikwe kwa herufi za sisimizi huku neno "asilia" likijaa nusu ya chupa. Dizaina hawezi kujitetea kwamba alitumwa tu. Ujuzi wa kulifanya jicho lione hiki na lisione kile ndio hasa anaouuza.

Kuhusu bei sitasema mengi. Watu hupenda kusimulia kwamba Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi, alilipwa dola 35 kwa alama ya Nike mwaka 1971, kama uthibitisho kuwa nembo haina gharama. Alilipwa kwa saa, dola 2 kwa saa, na mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa zake. Anayekuja na hadithi hiyo kuombea punguzo, aulizwe hisa anatoa ngapi.

Ninalotaka kulikazia kuliko bei ni mashindano ya kubuni nembo, ambayo taasisi zetu za umma na mashirika hupenda kuyatangaza. Vijana mamia wanachora bure, mmoja anapewa zawadi, na kwenye masharti kuna mstari usemao kazi zote zilizowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Kwa nini zote? Aliyeshindwa hakulipwa chochote, basi arudi na mchoro wake. Taasisi inayotaka kutenda haki ina njia rahisi: ipokee kwanza wasifu na kazi za zamani, ichague wasanifu watatu au wanne, iwalipe kila mmoja kwa michoro ya awali, kisha ichukue hakimiliki ya mshindi pekee kwa mkataba. Gharama itapanda kidogo. Nawe kijana uliyeona tangazo la aina ile, soma masharti hadi mwisho kabla ya kufungua kompyuta, na ukikuta mstari huo, waandikie waandaaji uwaombe waubadilishe. Wakikaa kimya, mchoro wako mzuri uuweke kwa mteja mwingine.