Basari ya CDF si zawadi ya mheshimiwa

Kila shule zinapofunguliwa, utasikia mzazi akisema: "Mbunge wetu ni mtu mzuri, amemlipia mtoto wangu karo." Mfukoni mwake mbunge hajatoa chochote; karo hiyo ni basari ya CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge nchini Kenya.

Hazina hii ilianzishwa kwa sheria mwaka 2003. Chini ya sheria ya 2015, inatengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali kuu, kisha fedha zinagawiwa maeneobunge yote 290. Mapato hayo ni kodi, ikiwemo ile unayokatwa ukinunua sabuni au kuweka salio kwenye simu. Kwa hiyo hata asiye na payslip amechangia basari ile.

Picha ya mheshimiwa kwenye hundi kubwa ya kadibodi ni kampeni tu, na kampeni ya bei rahisi mno.

Kazi ya mbunge kikatiba ni kuwakilisha, kutunga sheria na kuisimamia serikali. Ndiyo maana mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya CDF ya 2013, iliyotangulia hiyo ya 2015: msimamizi wa matumizi hawezi kuwa mtumiaji pia. Wengi tulishangilia, kisha Januari tukapanga foleni ofisini kwa mbunge kuomba basari.