Posho: neno la sahani lenye historia ya vita

Ukiagiza posho na maharagwe pale Jinja, unaletewa ugali wa mahindi. Mtanzania aliyeketi meza hiyohiyo anaweza kucheka, maana kwake posho ni pesa anayolipwa mtu akienda semina. Nyote wawili mko sawa. Posho ilikuwa chakula cha siku, kile alichopimiwa pagazi wa msafara, kibarua au askari. Waganda tukabaki na chakula, wenzetu wakabaki na malipo.

Kupima huko na kugawa ndiko kiini cha dhana inayoitwa ugavi wa kijeshi, au lojistiki. Ni kazi yote ya kumfikishia askari chakula, maji, risasi, dawa, mafuta na viatu, pale alipo na kwa wakati. Shuleni tulikariri majemedari na tarehe za mapigano. Mgawa unga hakutajwa hata siku moja, ingawa ndiye aliyeamua jemadari afike wapi.

Tupige hesabu. Zamani za misafara, pagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Tuseme mzigo wake wenyewe ni unga, na anakula humohumo. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, atakula kilo 15 na kufikisha kilo 15: posho ya siku moja kwa askari 20. Kambi ikisogea hadi mwendo wa siku 20, safari nzima inakuwa siku 40, na kilo zote 30 zimeishia tumboni mwake. Askari hapati hata punje. Na hapo hatujahesabu mvua, ugonjwa wala wizi.

Hesabu hiyo iliwatesa Waingereza walipomwandama von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, huku kwetu Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o, magari yalizama matopeni, wakarudi kwenye vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa upande wao walikaribia milioni moja, na makadirio ya waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi. Kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndicho kilichoacha jina Kariakoo kule Dar es Salaam. Ila kilichoniuma zaidi niliposoma habari zao ni chakula. Watu waliozoea ndizi, wakiwemo wa kutoka Uganda, walipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi bila muda wa kuupika ukaiva. Unga mbichi na kuhara damu vilimaliza watu ambao hawakuwahi kuona Mjerumani.

Kuna njia nyingine, kongwe kuliko zote: usibebe, kula njiani. Majeshi ya Buganda yalitembea mepesi hivyo, yakijilisha kwa migomba na mifugo ya nchi yaliyopitia. Njia hii ni nzuri mradi hukai mahali. Shamba la migomba linalolisha kijiji mwaka mzima halilishi maelfu ya wapiganaji wiki nzima, na matoke si kitu cha kuweka akiba. Napoleon naye aliingia Urusi mwaka 1812 na watu zaidi ya 400,000. Mabohari yake yakabaki nyuma sana, vijiji vya mbele vikawa vitupu, na jeshi likapungua vibaya kabla hata baridi haijaanza.

Kwa hiyo anayetaka kumvunja adui hushambulia ghala kwanza. Katika vita dhidi ya Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, Waingereza na washirika wao walichoma vyakula na mashamba. Kabalega alihama na kupigana kwa kuvizia hadi alipokamatwa mwaka 1899 huko Lango, lakini njaa ilibaki kwa raia wa Bunyoro.

Mwaka 1979, Tanzania ilipopigana na Idi Amin wa Uganda, ugavi ulivaa sura nyingine. Daraja la Kyaka juu ya mto Kagera lilikuwa limevunjwa na majeshi ya Amin, ikabidi Watanzania waweke daraja la muda ndipo mizinga na malori yavuke. Magari ya jeshi hayakutosha, serikali ikachukua malori na mabasi ya raia. Hata hivyo, askari wengi walikuja Kampala kwa miguu, na mji ukaanguka tarehe 11 Aprili.

Siku hizi kuna ndege na meli, lakini swali la posho halijaisha. Kati ya 2009 na 2010, askari zaidi ya 200 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, ambako Waganda na Warundi ndio waliolinda amani, walianza kuvimba miguu. Wanne walifariki. Chakula hakikuwa kimekatika, sahani zilifika. Wachunguzi waligundua kwamba chakula hicho kilikosa vitamini B1, na ugonjwa wenyewe ni beriberi, ule uliowaua mabaharia na wafungwa karne zilizopita. Wagonjwa walipewa vitamini hiyo, uvimbe ukaanza kushuka.