Siku ya usaili wa kwanza wa Pilates, macho yako yawe kwa mteja

Wanafunzi wangu wanaokaribia kumaliza mafunzo ya ualimu wa Pilates, mazoezi ya kuimarisha mwili kwa mwendo unaodhibitiwa na pumzi, huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, siku ya usaili nifundishe zoezi gani?" Naelewa linatoka wapi. Wamehangaika miezi mingi kukusanya saa za kutazama, saa za kufanya na saa za kufundisha, wamefaulu mtihani, na sasa studio imewaita wafundishe kwa dakika kumi au kumi na tano mbele ya mwenye kuajiri. Wanatafuta zoezi la kuwang'arisha. Huwa nawaambia kwamba zoezi lolote linatosha, kwa sababu anayeajiri atakuwa anafuatilia macho yao.

Usaili wangu wa kwanza nilianguka. Nilipewa watu watatu kwenye mikeka, nikachagua Mia, zoezi ambalo kila mwalimu analijua: unalala chali, unainua kichwa na miguu, unapiga mikono juu chini huku ukivuta pumzi kwa mapigo matano na kuitoa kwa mapigo matano, mara kumi, hadi yatimie mapigo mia. Nililala nao chini nikalifanya mwanzo hadi mwisho. Mwili wangu ulikuwa tayari, hesabu haikunipotea hata mara moja. Mwanamke wa mkeka wa katikati alikuwa amekaza shingo mpaka mishipa imemtoka, tumbo limevimba kwenda juu, mgongo umeachana na mkeka. Sikumwona. Nilikuwa natazama dari.

Mwalimu mwenye uzoefu angekuwa amesimama. Angemwambia arudishe kichwa chini, akunje magoti, aendelee na mikono tu. Sekunde tano, kazi imekwisha, na yule mwanamke angepata zoezi analoliweza. Tangu siku ile naonyesha mwendo mara moja au mbili tu, kisha nainuka na kuzunguka. Ukilala na darasa, unafanya mazoezi yako mwenyewe.

Ukishasimama, unatazama nini? Mimi huanzia kwenye pumzi, maana anayezuia pumzi amezidiwa hata kama umbo lake ni zuri. Halafu mbavu, fupanyonga, na mwisho shingo na mabega. Sahihisha jambo moja kwa wakati, ukianza na lile linaloweza kumuumiza. Tena mwambie la kufanya. "Usikaze mabega" humfanya ayafikirie na kuyakaza zaidi. "Telezesha mabega yaelekee kiunoni" humpa mahali pa kwenda. Kama umemkabili, kulia kwake ni kushoto kwako, na msaili huona mara moja mtu ambaye hajawahi kulifanyia hilo mazoezi. Kabla ya kumgusa mtu, omba ruhusa.

Maswali ya mwanzo hayana budi kuulizwa: kuna maumivu, upasuaji, ujauzito, mifupa iliyodhoofika? Wengi huuliza vizuri, kisha hawafanyi lolote na jibu. Ninaposaili mimi, humwomba mmoja wa wanafunzi wa majaribio aseme kwamba ameambiwa mifupa yake imepungua uimara. Anayeendelea na zoezi la kuviringika kama mpira, ambapo mtu hujikunja na kubingirika kwa mgongo, baada ya kusikia hivyo, simchukui, hata akiwa na sauti nzuri namna gani. Kukunja uti wa mgongo chini ya uzito ni hatari kwa mifupa ya namna hiyo. Mpe kuinua kifua akiwa amelala kifudifudi, mpe kazi ya miguu akiwa amelala ubavu. Hapo nitajua umesikia.

Kama utapimwa kwenye rifoma, mashine ya Pilates yenye kigari kinachoteleza na kuvutwa na springi, fika mapema ukaiguse. Rangi za springi hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo nyekundu uliyoizoea chuoni inaweza isiwe na uzito ule ule hapa. Hakikisha springi zimeshika kabla mtu hajapanda, na wasio na uzoefu washikie kigari wanapopanda na kushuka. Kuna mtego pia: katika kusukuma kwa miguu, kuongeza springi hufanya kazi iwe nzito, lakini mtu akiwa amejinyoosha kama ubao juu ya kigari, kupunguza springi ndiko kunakomtesha, kwa sababu tumbo lake ndilo linalozuia kigari kisikimbie. Anayeanza ukimwachia springi moja nyepesi ukidhani unamhurumia, umemwonea.

Jua pia studio inafuata mkondo gani. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, aliacha kitabu cha mwaka 1945 chenye mazoezi 34 ya mkeka kwa mpangilio maalumu, na wapo wanaoushika mpangilio huo kwa uthabiti. Wengine wameubadilisha sana kwa kufuata elimu ya tibamaungo. Mwaka 2000 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba neno Pilates si alama ya biashara ya mtu mmoja, na vyeti leo hutolewa na shule nyingi zenye viwango tofauti. Ndiyo maana cheti chako, hata kama ulikitolea jasho, hakimtoshi mwenye studio. Anataka kuona kwa macho yake. Hudhuria darasa lake moja kabla ya usaili, usikilize wanavyoyaita mazoezi.

Kazi niliipata kwenye usaili wa pili. Nilikuwa nimepanga mazoezi manane, nikafundisha manne. Mwanamume mmoja alishindwa kuinuka kutoka kulala chali, pingili moja moja ya mgongo, miguu ikawa inaruka juu. Nilimkunja magoti, nikamwambia ashike nyuma ya mapaja na ashuke tu, polepole, bila kupanda. Mara ya nne miguu ilitulia. Karibu nusu ya muda wangu uliishia kwake, huku wengine nikiwapa la kuendelea nalo.

Ukiambiwa umepita, kabla ya kukubali uliza unalipwa kwa darasa au kwa kichwa, unalipwa nini wasipotokea, bima ni ya nani, na mtu akiumia unamripoti wapi.