Starbucks, Gugong na viti vya mianzi vya Chengdu

Kila tunapojadili migahawa ya kigeni kwenye majengo ya kale ya China, sisi wahifadhi huanza na Gugong, kasri la wafalme la Beijing. Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa ya Marekani, iliingia humo mwaka 2000. Januari 2007 mtangazaji wa televisheni ya taifa, Rui Chenggang, aliandika mtandaoni akitaka iondoke, watu wapatao 500,000 wakamuunga mkono, na ilipofika Julai mgahawa ukafungwa. Wengi huuita ushindi wa urithi. Sikubaliani nao. Kasri lile limekuwa makumbusho tangu 1925, na mgahawa haukumhamisha mkazi yeyote. Isitoshe, kahawa ilirudi: Desemba 2018 makumbusho yenyewe ilifungua mgahawa wake kando ya Shenwumen, lango la kaskazini, na watu wakapanga foleni.

Kinachoniuma mimi kiko Chengdu, mji wa kusini-magharibi mwa China. Vichochoro vya Kuanzhai, vya enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, vilifunguliwa upya mwaka 2008 vikiwa mtaa wa maduka, Starbucks ikiwemo. Matofali ya kijivu yanapendeza, milango imechongwa vizuri, lakini wakazi wengi wa zamani walikwishaondoka.

Ukitaka kujua kilichopotea, nenda Bustani ya Watu, mjini humohumo, kwenye nyumba ya chai ya Heming iliyopo tangu miaka ya 1920. Unakaa kwenye kiti cha mianzi chini ya miti. Chai huja kwenye bakuli lenye kifuniko na kisahani. Ukilipia mara moja, unaongezewa maji ya moto mpaka uchoke mwenyewe. Wazee wanacheza karata, na wasafisha masikio wanapita wakigonga vyuma vyao ili wateja wawasikie. Ni baraza hasa: mwenye kipato kidogo anashinda hapo mchana kutwa bila kufukuzwa.

Kwa hiyo ninapokagua nyumba ya kale inayoombewa kibali cha mgahawa, nchi ya mwenye mtaji si swali langu la kwanza. Luckin, kampuni nyingine ya migahawa ya kahawa, ni ya Wachina, ilianzishwa 2017, na mwaka 2023 iliipita Starbucks kwa mauzo nchini China. Nayo ikipanga nyumba, kodi ya pango hupanda vilevile. Nauliza nani alikuwa akikaa hapa, na kama bado ataweza kukaa. UNESCO iliorodhesha utengenezaji wa chai wa China na desturi zake za kijamii kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2022. Vibali vya majengo navyo vitaje desturi hizo, pamoja na kodi ya pango ambayo nyumba ya chai inaweza kuimudu, badala ya kuishia kwenye paa na rangi ya ukuta.